Sababu ya Safari

Kwa miaka minne nilikuwa mtu muhimu sana Kitale. Nilivaa sketi ya bluu, shati jeupe na kitambaa cha shingoni nilichofunzwa kukifunga kwa video, nikakaa nyuma ya kaunta ya kiwanja cha ndege nikihudumia abiria wa kampuni moja ndogo ya ndege. Jina lake silitaji. Imeshakufa, na sipendi kusema marehemu vibaya. Nitaisema vibaya tu, lakini bila jina.

Kiwanja chenyewe kilikuwa barabara moja ya lami, soksi ya kuonyesha upepo iliyotoboka, ofisi mbili, choo kimoja na ua wa waya. Ndege ilikuja mara moja kwa siku, saa tano asubuhi. Ilishusha watu, ikapakia wengine, ikarudi Nairobi. Biashara hiyo ungeweza kuiendesha kwa daftari na penseli: hesabu viti, andika majina, viti vikiisha sema vimeisha, watu waende nyumbani. Lakini sisi tulikuwa kampuni ya kisasa, bana. Sisi tulikuwa na mfumo.

Mfumo ulikaa kwenye kompyuta fulani ng'ambo. Hakuna aliyetuambia ni nchi gani. Sisi tuliuona kwenye skrini tu, na uliposhindwa kufunguka tuliambiwa tusubiri huko kwao kupambazuke. Makao makuu yalitutumia mtaalamu wa kutufundisha, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akatukusanya kwenye hoteli moja mjini siku mbili nzima, chai na samosa juu ya kampuni. Nilikuwa na bosi wangu, meneja wa kituo, mzee ambaye familia yao ilitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba Trans Nzoia. Alikuwa mtu mzuri. Alijua mahindi kuliko ndege, na hakujificha.

Mtaalamu akasema kiti cha ndege ni kama nyanya. Ndege ikiruka na kiti kitupu, hiyo nyanya imeoza, huwezi kuiuza kesho. Bosi akafurahi sana, mwishowe akasikia kitu anachokijua.

"Kwa hivyo jioni ikifika tunapunguza bei," akasema.

"Hapana," mtaalamu akamjibu. "Tunapandisha."

Bosi akanitazama, mimi nikatazama samosa. Kumbe nyanya za angani kadiri zinavyokaribia kuoza ndivyo zinavyopanda bei. Sawa. Tukaandika kwenye vitabu vyetu.

Siku ya pili akatufundisha siri kubwa zaidi, ile iliyomfanya alipwe vizuri. Duniani kote, alisema, kuna watu wanaonunua tiketi na hawatokei. Wanalala kupita kiasi, wanakorofishana na mabibi zao, mikutano inaahirishwa. Kwa hivyo kampuni yenye akili haiuzi viti ilivyo navyo tu. Inauza na vingine ambavyo haina, kwa sababu mfumo umeshapiga hesabu ni wangapi hawatakuja. Nikainua mkono.

"Na wakija wote?"

Akatabasamu vile unavyomtabasamia mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. "Hawawezi kuja wote, dada. Hii ni hesabu."

Ebu fikiria. Mtu wa kwetu Bungoma anunue tiketi ya ndege halafu asitokee! Huyo mtaalamu hakuwahi kuona mtu wa kwetu akisafiri kwa ndege. Kwanza safari inatangazwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Halafu kunaundwa kamati. Siku yenyewe lori dogo linakodishwa, wanapanda watu wa nyumbani, majirani, kwaya na sare zao, shemasi, na mtu mmoja ambaye hakuna anayejua ni wa nani lakini huwa hakosi. Wanafika kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi kungoja ndege ya saa tano. Wanaimba. Shemasi anaombea safari, anaombea rubani, anaombea injini ya kushoto, akimaliza anaombea ya kulia ili isione wivu. Baada ya hapo msafiri anapita mlango, na wale wanajipanga kwenye ua wa waya kupunga mikono mpaka ndege iwe nukta.

Hao ndio mfumo ulisema hawatatokea.

Kwa hivyo karibu kila wiki nilikuwa na watu wengi kuliko viti, na kazi yangu ilikuwa kuchagua nani abaki. Yaani sikuchagua mimi. Mfumo ulichagua, mimi nilitoa sura. Kila abiria alikuwa na nafasi yake kwenye orodha: waliolipa ghali juu, waliolipa rahisi chini, na chini kabisa, chini ya wote, wale wanaosafiri kwa tiketi ya jamaa ya mfanyakazi. Hao wanasubiri. Kiti kikibaki wanapanda, kisipobaki wanashukuru.

Tulikuwa na ruhusa ya kumpa yeyote atakayekubali kubaki tiketi ya bure ya siku nyingine. Mtaalamu alisema ng'ambo watu hupigania hiyo. Kitale hakuna aliyewahi kuikubali hata mmoja. Afisa mmoja wa kaunti, mtu mzima na tai yake, aliniambia kwa upole, "Dada, mimi nimeombewa na watu arobaini. Wako pale kwa waya. Nikirudi nitawaambia nini, ati Mungu amekataa?" Nilielewa. Kwetu mtu aliyesindikizwa amekwenda. Harudi kabla hajafika, labda awe amebebwa.

Nilipomweleza mama yangu haya yote alikuwa nyumbani Matulo akichambua vitunguu vya kupeleka soko la Kamukuywa. Aliacha kisu.

"Ngoja kwanza. Kiti ni kimoja na mmeuzia watu wawili?"

"Si hivyo, mama. Ni mfumo."

"Mimi nikiuzia watu wawili gunia moja pale Kamukuywa, wananifukuza na mawe. Wewe wanakupatia kitambaa cha shingo."

Nilicheka. Nilikuwa na mshahara, na hakuna mwenzangu wa shule ya msingi aliyekuwa na kitambaa kama kile.

Sasa ikaja siku ya mama mwenyewe kusafiri.

Dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita mama mkubwa, alikuwa amelazwa Nairobi. Ndiye aliyemlea mama. Wazazi wao walikufa mama akiwa bado anabebwa, na huyo dada, msichana tu, akaacha shule akambeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Sasa alikuwa na uvimbe tumboni, na madaktari walikuwa wamempangia upasuaji siku ya Alhamisi asubuhi na mapema. Hakuwa mtu wa kuomba. Lakini alimpigia mama simu akasema, "Wasinipeleke ndani kabla hujanishika mkono. Nikikuona sitaogopa." Kisha, ili isionekane kama anaogopa, akaongeza, "Na unibebee kumbikumbi."

Mama ana nyonga mbovu. Safari ya kutwa nzima kwenye kiti cha gari ilikuwa imemlaza hospitali mara moja, na daktari akamkataza kuirudia. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja tu. Kila mtu akanigeukia mimi, mtaalamu wa familia.

Na mimi nikafanya nini? Nikajifanya mjanja. Ningeweza kumkatia mama tiketi kamili ya Jumatano kama mtu yeyote, jina lake likakaa juu. Lakini nilikuwa na haki yangu ya tiketi ya jamaa, ya bei ya mchicha, na nilikuwa nangoja sana siku ya kuonyesha Matulo kwamba kazi yangu ina faida. Nikafungua skrini. Viti sita vitupu. Nikampigia simu. "Mama, utakaa hata unyooshe miguu." Haki ya Mungu nilisema hivyo, kwa sauti kubwa, wenzangu wasikie.

Jumatano lori likafika kabla ya saa moja. Mama alikuwa amevaa gauni la kijani la harusi ya kaka yangu na sweta mpya, mkononi mkebe wa kumbikumbi umefungwa kwa kitambaa. Kwaya ikaimba. Shemasi akaombea injini zote mbili, na kwa kuwa binti wa msafiri ni mfanyakazi akaombea na kompyuta. Nilisimama pale na sketi yangu nikiona fahari mpaka nikaona aibu. Mama akapita mlango, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaunta yangu.

Nikafungua orodha. Vile viti sita havikuwepo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mfumo ulikuwa umeviuza, na juu yake ukauza vingine vinne ambavyo havikuwahi kuwepo tangu ndege itengenezwe. Na wote, nawaambia wote, walikuwa wamefika. Walikuwa wamefika tangu saa kumi na mbili. Mama alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na juu yake kulikuwa na watu wanne wengine wa kubaki.

Nikazunguka na ile ahadi ya tiketi ya bure. Nikaomba kwa jina la kampuni, hakuna. Nikaomba kwa jina la mama yangu, nikawaonyesha alipokaa. Waliniangalia kwa huruma ya kweli, na kila mmoja akatazama wale wake kwenye waya. Siwalaumu. Au niseme nilijaribu kutowalaumu.

Bosi akaniita ofisini, akafunga mlango. Akageuza kompyuta yake kunielekea. Kulikuwa na kidirisha ambacho mimi sikuwahi kukitumia, cha tiketi za jamaa peke yake, kilichoandikwa Sababu ya Safari. Ukikibonyeza unachagua: likizo, masomo, harusi, msiba.

"Weka msiba," akasema. "Mtu wa msiba mfumo unampandisha mpaka juu kabisa, hata juu ya waliolipa. Andika dada amefariki. Nani atakuja kuuliza kutoka huko ng'ambo?"

"Ugonjwa uko wapi?"

"Ugonjwa hakuna." Hata yeye alikuwa ameutafuta.

Yaani walikaa watu wasomi kwenye chumba chenye hewa baridi, wakajiuliza ni kitu gani kinaweza kumfanya binadamu ahitaji ndege haraka, wakakumbuka harusi. Kuuguliwa hakukuwajia. Ukiwa na mgonjwa utangoja, mgonjwa naye akikamilika kuwa maiti basi karibu, kiti kipo.

Kidole changu kilikuwa juu ya hilo neno. Lakini sikuweza kuandika kitu kama hicho bila kumwambia mwenyewe. Nikatoka, nikachuchumaa mbele ya mama, nikamweleza polepole. Ni kubonyeza tu, mama. Ni neno kwenye mashini.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaushika ule mkebe kwa mikono miwili.

"Unataka nimtangaze dada yangu marehemu na bado anapumua?"

"Si kutangaza, mama. Hakuna atakayesikia."

"Mimi nitakuwa nimesikia." Akakaza fundo la kitambaa cha mkebe. "Huyo amenibeba. Kesho anaingizwa kisu. Leo mimi niketi hapa niseme amekufa ili nipate kiti? Kwetu ukimlilia mtu aliye hai unamwita kifo kwa jina. Wacha. Nitaenda kesho."

"Kesho watakuwa wameshamwingiza."

"Atatoka. Atanikuta."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia mama yangu na imani zake, mimi niliyekuwa nimemkatia tiketi ya mchicha. Nikarudi kwenye kaunta nikawapandisha abiria mmoja mmoja nikiwatakia safari njema. Safari njema, safari njema. Mdomo ulijua kazi yake.

Ndege ikawasha injini. Hapo ndipo nilipokumbuka watu wetu. Walikuwa bado kwenye waya, wote, kwaya na shemasi na yule mtu asiyejulikana. Ndege ilipokimbia wakapiga vigelegele. Ilipoinuka wakapunga mikono na vitambaa, wakaita jina la mama, wakaliita juu kabisa kuelekea mawinguni. Na mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, hatua kama thelathini kutoka kwao, akiwaona kupitia dirisha la ofisi. Mkono wake ukainuka kidogo kutoka kwenye mkebe, ukataka kuwapungia, halafu akauweka chini.

"Usiwaambie," akasema. "Wamechoka na njia. Waache waende."

Hakuweza kurudi Matulo. Angerudi vipi, na alishasindikizwa? Lori lilipoondoka nikampeleka kwangu, mtaa wa Tuwan, tukapita njia ya nyuma kama watu walioiba. Nilisema nitakodi gari na twende tu, nyonga tutaijulia mbele. Akasema, "Nikifika pale nimebebwa, mgonjwa atakuwa nani?" Mchana simu zikaanza kutoka Matulo. Umefika? Mama, ambaye hawezi kudanganya kompyuta, akawajibu watu wa kanisa lake, "Nimefika salama." Hawakuuliza wapi.

Jua lilipokuwa linashuka akampigia dada yake. Niliweka simu kwenye spika kwa sababu mama hupenda kuishika mbali na sikio.

"Uko wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Ndege imejaa. Nakuja kesho."

Mama mkubwa akacheka kidogo. "Si ulisema mtoto wako ndiye mwenye ndege?"

"Ndiye. Lakini ndege yake ina watu wengi."

"Haya. Kumbikumbi usimpatie."

Hilo ndilo neno la mwisho nililomsikia mama mkubwa akisema, na lilikuwa juu yangu.

Alhamisi saa tatu asubuhi binamu yangu akapiga simu kutoka Nairobi. Moyo ulikuwa umesimama katikati ya upasuaji na wakashindwa kuuamsha. Mama alikuwa ameshavaa, lile gauni la kijani, ameketi ukingoni mwa kitanda changu akingoja twende kiwanjani. Nilimwambia vile tu, sikujua kupamba. Hakulia. Akauliza ni nani alikuwa amemshika mkono wakimwingiza. Nikampigia binamu tena nikauliza. Muuguzi, akasema. Muuguzi mmoja mgeni.

Tulifika kiwanjani. Bosi alitaka kunishika bega, akaona sura yangu, akaacha. Nikakaa kwenye kompyuta yangu, nikafungua tiketi ya mama, ambayo kama kawaida ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Ndege ilikuwa imejaa kupita kiasi, na kama kawaida walikuwa wamekuja wote. Nikabonyeza Sababu ya Safari. Nikachagua msiba. Mfumo ukauliza uhusiano, nikaandika dada. Ukafikiri kidogo, kisha ukatoa maandishi ya kijani: Tunakupa pole kwa kumpoteza mpendwa wako. Kiti chako kimethibitishwa.

Jina la mama likatoka chini ya ile orodha likaenda juu kabisa, mara moja, bila ubishi wa mtu. Walimpa kiti cha mbele, dirishani. Mwalimu mmoja aliyelipa nauli yake, wa mwisho kati ya waliopata kiti, ndiye aliyeondolewa, na aliposikia ni msiba akasema mara moja, "Si mambo ya kuuliza hayo, mama apande, mimi nitarudi nyumbani." Alikuwa amesindikizwa na watu wengi, na akaenda akawaeleza, na wakaelewa wote.

Nikampa mama kadi yake ya kupandia. Aliishika karibu na macho.

"Hii ndege ni ile ya jana?"

"Ni ile ile, mama."

"Viti ni vile vile?"

"Vile vile."

Akaikunja ile kadi mara mbili, akaitia kwenye sweta. "Kwa hivyo kilichokuwa kimepungua ni yeye kufa tu."

Akaniwekea mkebe wa kumbikumbi kwenye kaunta, juu ya vitambulisho vya mizigo.

"Alisema nisikupatie," akasema. "Lakini kula."

Akaenda kwa miguu yake mpaka kwenye ndege, akichechemea, na akakataa kushikwa kwenye ngazi. Siku hiyo hakukuwa na lori wala kwaya, kwa sababu Matulo walijua alishafika tangu jana. Nikatoka nje, nikasimama kwenye waya mahali walipokuwa wamesimama wao, nikapunga mkono mpaka ndege ikawa nukta, na safari hii alikuwa ndani.